Taa Mbili Zaposa Uso wa Shangazi Gotfrida

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba taa mbili zilikuja nyumbani kwangu kuposa uso wa shangazi yangu.

Sikushangaa. Ndotoni nilikuwa nimeshapewa taarifa, na hata soda zilikuwa zimenunuliwa. Kilichonisumbua ni kwamba sebuleni kulikuwa na soketi moja tu, na wageni walikuwa wawili.

Kabla sijaendelea niseme shida yenyewe, maana shida hii si ya ndotoni. Mimi ni Wendelin Ngonyani, mpiga picha, studio yangu iko Mfaranyaki hapa Songea. Napiga picha za pasipoti, za wahitimu, na zile za uso ambazo watu wa maofisini hupeleka wanapoomba kazi. Nyuso za watu ndizo zinazonilisha. Lakini uso mmoja umenishinda, nao ni wa Shangazi Gotfrida, dada mkubwa wa baba, aliyenilea tangu nina miaka minne.

Shangazi hajawahi kutoka kwenye picha akiwa amefumbua macho. Hajawahi! Picha ya ndoa, amefumba. Picha ya kipaimara cha mwanawe, amefumba. Kwenye kitambulisho yuko kama mtu anayesali. Marehemu mumewe, Mzee Tasilo, alikuwa na tabia ya kuwaonyesha wageni ile picha ya ndoa na kuwaambia kwamba mke huyu alimwoa akiwa usingizini, alipoamka akakuta mambo yameshakwisha.

Mwezi uliopita shangazi alikwenda kumzika rafiki yake wa kwaya. Mbele ya jeneza iliwekwa picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, jicho moja limefumba nusu, na watu wakachekea ndani ya khanga. Alitoka makaburini akaja kwangu moja kwa moja.

"Wendelin mwanangu," akasema, "mimi sitaki kuchekwa siku ambayo sina uwezo wa kujibu. Nipige picha ya kuwekwa mbele, macho wazi, sasa hivi nikiwa mzima."

Nimempiga mara kumi na moja kwa flashi zangu za studio. Mara kumi na moja amefumba. Mwenzangu Bosko akaniambia flashi ndiyo inayomtisha mama wa watu, akaniazima taa yake ya kuwaka mfululizo, ile ambayo ukiiwasha imewaka hadi utakapoizima. Jana jioni shangazi alikuja kulala kwangu ili asubuhi tufanye jaribio la kumi na mbili.

"Kesho ikishindikana basi tena," alisema akienda kulala. "Mtaweka kiti changu mbele, watu wakiage kiti."

Nilicheka, lakini kitandani nilijilaumu. Mpiga picha mzima, nashindwa na uso ulionilea.

Basi, ndotoni.

Taa ya Kudumu, ile ya Bosko, alifika wa kwanza, uso mpana, tabasamu halizimiki. Aliongozana na mshenga wake, Stendi, mzee mrefu mwembamba mwenye miguu mitatu.

"Karibu kiti, mzee," nikamwambia Stendi.

"Ahsante, baba. Nikikaa nitakuwa nimekunjwa, na nikishakunjwa huwa ni wakati wa kwenda nyumbani."

Nikamwacha asimame. Flashi sikumwona akiingia. Alikuwa hayupo, kisha alikuwepo, na soda yake ilikuwa imeshakwisha.

Uso wa shangazi ulikuwa mezani juu ya sinia, umefunikwa kawa. Shangazi mwenyewe alikuwa jikoni anasonga ugali. Uso aliuacha sebuleni usiingiwe na moshi. Nikafunua kawa. Macho yalikuwa yamefumba. Alipoongea, sauti ilitoka jikoni na midomo ikacheza mezani.

"Wageni wamekunywa?" uso ukauliza.

"Wamekunywa, shangazi."

"Waulize basi. Wana nini cha kuufanyia uso wangu?"

Taa ya Kudumu akakohoa kidogo akaanza. "Shikamoo mama, nashukuru kwa mapokezi, mimi mwenzenu sina mambo ya kumshtua mtu, nikiwaka nimewaka, kila nitakachofanya utakiona kabla sijakifanya, kivuli cha pua kitaanguka hapa, cha kidevu kitaanguka pale, ukikipenda unaniacha, usipokipenda unanisogeza, hata mgeni wa kazi hii ananielewa siku ya kwanza, na wahenga walishasema haraka haraka haina baraka, sasa mimi..."

Hakuvuta pumzi. Nikasubiri afike kwenye nukta, nikaona haipo. Nikamgeukia Flashi.

"Na wewe je?"

"Ngoja," akasema Flashi, akazimika.

Tukasikia mluzi mwembamba unaopanda, ule wa flashi inapojijaza nguvu. Piii.

"Ngoja." Piii. "Huumiza." Hapo shangazi alikuwa ameshapakua ugali. Piii. "Matumbo."

"Huyu angalau ana adabu," uso ukasema.

Tukakubaliana kila mmoja aonyeshe kazi yake. Taa ya Kudumu akasogea mezani akaumulika uso. Kivuli cha pua kikaanguka chini kwa kishindo, kikainuka, kikajipangusa vumbi na kwenda kukaa kwenye kochi. Nilikipenda. Kilikuwa kifupi, cha heshima, hakikugusa mdomo. Hilo nimpe haki yake: kwa Taa ya Kudumu hakuna kubahatisha, unaona kivuli kimekaa wapi kabla hujabonyeza kitu.

Shida ni mwanga wenyewe. Siagi iliyokuwa kabatini ikayeyuka. Uso ukatoka jasho, macho yakafunguka kidogo kama ya mtu anayetazama jua la mchana, na mboni ndani yake zilikuwa zimesinyaa hadi kuwa kama punje za ulezi.

Kamera yangu, ambayo huwa haisemi, ikasema. "Pamoja na makelele yote hayo, mwanga haujatosha. Nitafungua mlango wangu kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Mtu asitikisike."

Sehemu moja ya sitini ya sekunde inaanza Jumatatu. Tumesimama. Jumanne tumesimama. Jumatano kuku wa jirani ameinua mguu mmoja na hathubutu kuushusha. Alhamisi mahindi ya uani yanatoa mbelewele kwa siri. Pua inaniwasha na siwezi kuikuna. Ijumaa jioni, jikoni, shangazi anapumua.

"Ametikisika," kamera ikasema.

Picha ikatoka. Ilikuwa na pua tatu na macho mawili yaliyobanwa.

"Huyu si mimi," uso ukasema. "Huyu ni mtu anayetafuta sindano iliyodondoka."

Ikawa zamu ya Flashi. Nikashika kamera nikafanya kama ninavyofanya siku zote, kama alivyonifundisha baba, na kama wanavyofanya wapiga picha wote ninaowajua hapa mjini. Nikahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu!"

"Nimeshapiga," alisema Flashi. Picha ilikuwa tayari ukutani, imetiwa fremu, imeanza na vumbi. Uso ulikuwa mzuri ajabu. Kila mkunjo ulionekana, kila unywele mweupe wa kwenye paji ulihesabika, hakuna kilichotikisika. Macho yalikuwa yamefumba kabisa.

Jikoni mwiko ukawekwa chini.

"Leteni kiti changu," uso ukasema taratibu.

Nilitaka kulia. Niseme kweli, ndotoni nililia kidogo. Flashi akasimama, akazimika, akawaka.

"Mimi." Piii. "Huwahi." Piii. "Kope." Piii. "Huchelewa."

"Anamaanisha nini?" nikauliza.

Stendi, ingawa alikuja na upande wa pili, alikuwa mtu wa haki. "Anamaanisha kwamba yeye akija na kuondoka, kope haijapata hata habari. Mtu hufumba baada ya flashi, akiwa ameshachelewa, na picha haina habari naye. Sasa kama hii inakutwa imeshafumba, ujue kuna mtu ameitaarifu mapema."

"Nani?"

Wote wakanitazama. Hata kivuli cha pua kikaacha soda yake kikanitazama.

Kwa aibu nikarudi nyuma, nikasahau kanuni ya kwanza ya kazi yetu: umbali wa taa ukizidi mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Nikabaki robo. Nikashtuka, nikarudi nyuma tena, nikabaki robo ya robo. Niliporudi mara ya tatu nilikuwa na kimo cha kipande cha chaki, nimesimama kwenye ukingo wa sinia na kandambili zangu za bluu, na mbele yangu uso wa shangazi umepanda juu kama milima ya Matogoro.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikaupanda. Nikapita kidevuni, nikapita kwenye lile kovu la shavuni alilolipata akinichomoa kwenye seng'enge nilipokuwa na miaka sita. Nikaligusa kwa mkono na kuliomba radhi. Kisha nikafika kwenye jicho la kulia.

Kope ilikuwa geti la chuma. Nje yake alikaa mlinzi kwenye kigoda, koti la kaki, filimbi shingoni.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Wewe ndiye mwenye kuhesabu?"

"Ndiyo mimi, mzee. Kwa nini unafunga?"

"Nimeagizwa. Nikisikia tatu, nafunga. Miaka arobaini na miwili sijakosa zamu hata moja." Alisema hivyo kwa fahari, akanyoosha kola ya koti.

"Alikuagiza nani?"

"Bibi harusi mwenyewe. Siku ya ndoa yake mpiga picha alisema moja, mbili, tatu, na kwenye tatu balbu ya flashi ikapasuka. Cheche zikamrukia hadi kwenye shela. Akaniambia, ukisikia tatu tena, funga. Hakuniambia hadi lini."

Nikakaa chini juu ya shavu. Kumbe mara zote kumi na moja nilikuwa nasimama mbele ya shangazi yangu na kumwamuru kwa sauti kubwa afumbe macho, halafu naenda kuzilaumu taa! Na baba kabla yangu, na wengine wote kabla ya baba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuthubutu kupiga picha bila kuhesabu. Ungeonekana huna adabu, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu bila hodi.

"Sasa mzee," nikasema, "ukishafunga, unafungua lini?"

"Nne."

"Nne?"

"Tatu nafunga, nne nafungua, niangalie kama cheche zimepita. Lakini hakuna mpiga picha aliyewahi kufika nne. Kila nikifungua nawakuta mmeshainama kwenye kamera yenu, mnatikisa vichwa."

Nikamshika mlinzi mkono kwa mikono yangu miwili. Akanifungulia mlango mdogo wa pembeni, nikaingia.

Ndani ya jicho kulikuwa na sebule. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, maana ile taa ya mwanzo ilikuwa imemtoa shangazi machozi. Ukutani kulikuwa na dirisha dogo la mraba, lile ambalo sisi tunaliita nyota ya jicho, nukta nyeupe ya taa inayomfanya mtu kwenye picha aonekane yu hai. Lilikuwa giza. Chini yake alikaa Mzee Tasilo katika suti yake ya ndoa, tai imekazwa, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wameshatupiga?"

"Bado, mzee."

"Basi naendelea kungoja." Kisha akatazama miguu yangu. "Wendelin. Kandambili ndani ya nyumba ya mtu?"

Hata alipokuwa hai hakuvumilia jambo hilo. Nikainama, nikavua ya kushoto. Kabla sijavua ya kulia, sauti ya shangazi ikapita dirishani.

"Jamani, ugali unapoa! Hawa wageni nani amekubaliwa?"

Nikasimama juu ya kochi nikapaza sauti. "Anayeongea awe mshenga! Apunguze mwanga, atuonyeshe tu vivuli vinakaa wapi! Asiyeongea ndiye aoe, lakini asije hadi nne!"

Nje wakashauriana. Kisha Stendi akasema ndivyo inavyokuwa hata kwa watu, na wote wakakubali. Taa ya Kudumu akakubali kwa maneno mengi sana, mwanga ukapungua ukawa wa upole, na nikasikia kivuli cha pua kikirudi mahali pake. Stendi akaanza kuhesabu.

"Moja."

Mzee Tasilo anavuta pumzi na kuishika.

"Mbili."

Anaweka sawa tai.

"Tatu."

Geti linafungwa kwa nguvu. Giza. Tuko kati ya tatu na nne, mahali ambapo hajawahi kufika mtu, na pana utulivu. Nasikia maji yakigusa miguu ya makochi. Nasikia mlinzi akivaa miwani yake.

"Nne."

Geti linafunguka. Kila kitu kinakuwa cheupe. Dirisha la mraba linawaka ukutani, na sebule nzima, vitambaa, makochi, suti ya Mzee Tasilo, vyote vinaonekana wazi kama vimefuliwa.

"Sasa?" anauliza Mzee Tasilo.

"Tayari, mzee."

Akaiachia ile pumzi. Ilikuwa pumzi ya miaka arobaini na miwili, ikanibeba, ikanipitisha dirishani na kuniangusha kitandani kwangu.

Kulikuwa kumekucha. Jua limeingia hadi miguuni mwa kitanda, na uani shangazi alikuwa akikohoa. Nikateremsha miguu kutafuta kandambili. Ya kulia ilikuwepo. Ya kushoto haikuwepo. Nikainama hadi uvunguni, nikakuta buibui tu. Ile ya kulia niliiokota, ilikuwa imelowa chapachapa. Nikagusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi.

Nikatoka na mguu mmoja peku. Shangazi alikuwa ameinama kwenye karai, anajimwagia maji kwenye jicho la kulia.

"Umeamkaje, mwanangu? Hebu nitazame jicho hili. Tangu nimeamka nahisi kama kuna mtu amesahau kitu humu ndani."

"Linauma?"

"Haliumi. Ila kitu kipo."

Sikusubiri kwenda studio. Nikabeba taa ya Bosko na flashi yangu hadi uani, nikamkalisha shangazi kwenye kigoda mbele ya ukuta mweupe wa jikoni. Taa ya Bosko niliiwasha kwa mwanga mdogo, nikaisogeza hadi kivuli cha pua kikakaa pale ninapopataka, kifupi, cha heshima. Flashi nikaiweka ubavuni mwake.

"Shangazi, tayari?"

"Tayari, baba. Na kiti changu kiko pale, kama mtakihitaji."

"Moja. Mbili. Tatu."

Akafumba. Nilimwona kwa macho yangu, kope zote mbili, kwa utii kabisa. Nikanyamaza. Kidole kilitaka kubonyeza, nikakizuia. Shangazi naye akasikia kimya, akafungua macho aone nimepatwa na nini.

"Nne," nikasema, nikapiga.

Sikuthubutu kutazama mara moja. Nilipotazama, nikakaa juu ya ndoo.

"Nimefumba," shangazi akasema. Hakuuliza.

"Angalia mwenyewe."

Akaichukua kamera kwa mikono yote miwili. Alitazama muda mrefu sana, hata jogoo wa jirani aliwika mara mbili.

"Kumbe nina macho ya mama," akasema. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka hadi mke wa jirani akachungulia ukutani kuuliza kama kuna heri. "Ipo heri," shangazi akamjibu. "Nimepata picha yangu ya msiba!"

Yule mama akaondoka haraka. Shangazi akanigeukia. "Hii ndiyo mtakayoiweka. Lakini msiwe na haraka nayo."

"Hatuna haraka, shangazi."

Akataka kuyaona macho kwa karibu zaidi, nikamwonyesha kitufe cha kukuza. Akabonyeza, akabonyeza tena, hadi jicho la kulia likajaa kioo kizima, na ndani ya mboni ile nyota nyeupe ya mraba.

"Na huyu aliyesimama chini ya taa ni nani?"

"Ni mimi huyo, shangazi. Jicho ni kama kioo, humwonyesha mpiga picha."

"Wewe una tai?"

Nikajitazama. Nilikuwa na singlendi na kaptula. Nikasogea nikainamia kamera pamoja naye. Mtu yule alikuwa amevaa suti, tai ameilegeza hadi kifuani, anacheka, na mkononi ameshika kwa ncha za vidole kandambili moja ya bluu.

Shangazi alipangusa jicho lake kwa upindo wa khanga, akautazama mguu wangu uliokuwa peku, kisha akairudia picha.

"Nunua nyingine," akaniambia. "Hiyo mwachie."